Kota au kwa mkulima? Hesabu ya nyumba za askari Nduguti

Wilaya mpya inapotangazwa, chumba cha kulala huadimika kabla ya ofisi. Ofisi inaweza kuanzia kwenye darasa la shule au ghala la ushirika, lakini mtu aliyehamishwa na mke, watoto na magodoro yake hawezi kulala ghalani. Mkalama ilipomegwa kutoka wilaya ya Iramba mwaka 2012, ikiwa miongoni mwa wilaya mpya 19 zilizotangazwa nchini wakati huo, makao makuu yake yaliwekwa Nduguti. Sensa ya mwaka huo iliikuta wilaya hiyo ikiwa na watu 188,733. Wengi wao walikuwa wakulima na wafugaji, na nyumba walizokuwa nazo walizijenga kwa ajili ya familia zao, si kwa ajili ya wapangaji.

Kundi la watumishi waliofuata linajulikana: walimu, waganga, maofisa wa halmashauri, mahakimu. Kundi linalosahaulika katika hesabu za makazi ni askari. Kila wilaya nchini ina mkuu wa polisi wa wilaya na askari walio chini yake, ambao kazi yao haina saa za kufunga. Aidha, kila wilaya ina mshauri wa mgambo, ambaye ni mwanajeshi wa JWTZ anayesimamia mafunzo ya mgambo vijijini. Huyu hali yake ni ya pekee. Mwenzake aliyeko kikosini ana geti, mesi na kota. Yeye amepelekwa mahali ambapo kambi yake ni kijiji chote. Akifika, hutafuta pa kupanga kama mtumishi mwingine yeyote.

Swali la askari alale wapi huachiwa mara nyingi wakubwa wa vyombo vya ulinzi. Kwa mji mdogo kama Nduguti, hata hivyo, ni swali la kiuchumi pia. Mshahara wa askari ni miongoni mwa fedha chache zinazoingia mjini kila mwezi bila kujali mvua imenyesha au bei ya kitunguu imeanguka. Sehemu ya mshahara huo inayokwenda kwenye pango ama inabaki serikalini kwa njia ya kota, ama inaingia mfukoni mwa mkulima aliyejenga vyumba.

Mtindo wa kuwaweka askari pamoja ni wa zamani, na Mkalama inao ushahidi wake. Wilaya imechukua jina la mahali ambapo Wajerumani walijenga boma lao, na mabaki ya boma hilo yapo hadi leo. Boma la namna hiyo lilikuwa ofisi, gereza, ghala la silaha na makazi kwa pamoja. Waingereza waliofuata waliendeleza utaratibu huo kwa kujenga safu za vyumba vya askari kando ya vituo, na ndiko lilikotoka neno "laini" ambalo Watanzania wanalitumia mpaka sasa. Nia ya mkoloni haikuwa kumpa askari nafuu ya pango tu. Alitaka askari wake asizoeane na watu anaowalinda, au tuseme anaowatawala. Nchi huru ilirithi majengo hayo, lakini sababu ya kuyajenga ilibidi itafutwe upya.

Sababu mpya ni ya msingi, nayo ni utayari. Askari aliye hatua mia moja kutoka kituoni anaitwa kwa filimbi. Aliyepanga upande wa pili wa korongo anaitwa kwa simu, na msimu wa masika simu inaweza kupatikana na njia isipatikane. Katika wilaya yenye kata 17 na vijiji 70, ambako wizi wa mifugo au ugomvi wa malisho hauchagui saa, tofauti ya nusu saa si ndogo.

Serikali imejaribu kujenga. Kwa upande wa jeshi, mradi mkubwa zaidi wa miaka ya karibuni ulikuwa wa nyumba 6,064 za wanajeshi, uliojengwa kwa mkopo wa China na kuelekezwa kwenye mikoa kama Dar es Salaam, Pwani, Tanga, Arusha na Kigoma. Hizo ni nyumba za kambini, kwa hiyo zilifuata kambi. Mwanajeshi aliye peke yake makao makuu ya wilaya hakuwemo katika ramani hiyo na pengine hakupaswa kuwemo, kwani hakuna anayejenga ghorofa kwa ajili ya mtu mmoja.

Kwa upande wa polisi, moto ulioteketeza makazi ya familia za askari mjini Arusha Septemba 2017 uliamsha mjadala. Nyumba mpya zilizojengwa badala yake, kwa sehemu kwa michango ya wadau, zilizinduliwa na Rais John Magufuli Aprili 2018. Rais huyo pia alitoa Sh10 bilioni kwa ajili ya kujenga nyumba 400 za askari polisi sehemu mbalimbali za nchi. Ukigawa, unapata wastani wa Sh25 milioni kwa nyumba moja, ambayo ni bei ya chini kwa jengo la serikali.

Sasa ichukuliwe bei hiyo na kupelekwa Nduguti. Tuseme, kwa ajili ya kukokotoa tu, kwamba chumba na sebule vinapangishwa kwa Sh40,000 kwa mwezi. Sh25 milioni zingelipia pango hilo kwa miezi 625, yaani zaidi ya miaka 52. Askari aliyeajiriwa leo angestaafu, na aliyechukua nafasi yake naye angekaribia kustaafu, kabla fedha hizo hazijaisha. Hesabu hii haina haki kamili kwa kota: nyumba ya serikali huwa kubwa kuliko chumba na sebule, pango hupanda mwaka hadi mwaka, na kiwanja cha kituo kipo bure. Lakini hata pango likipanda mara mbili bado ni miaka 26, na katika miaka hiyo kota nayo inadai rangi, bati na mabomba. Anayepita kwenye laini za zamani katika miji ya Tanzania anaelewa kwamba fungu la ukarabati ndilo la kwanza kukatwa bajeti inapobana.

Hapa pana jambo ambalo Hazina inalijua vizuri. Mwaka 2002 serikali ya awamu ya tatu ilianza kuuza nyumba zake kwa watumishi waliokuwa wakiishi ndani, na zaidi ya nyumba 7,000 ziliuzwa. Hoja ilikuwa kwamba nyumba hizo zinakula fedha za matunzo na kwamba mtumishi apate pa kuanzia maisha ya uzeeni. Waliokuwemo walifaidika. Waliokuja baada yao walikuta nyumba ina mwenyewe, na Wakala wa Majengo (TBA), ulioanzishwa mwaka huohuo, ukaanza kazi ya kujenga upya. Wilaya zilizozaliwa baadaye, Mkalama ikiwemo, zilianza bila akiba ya nyumba za kurithi.

Uingereza ilifanya jambo la aina hiyohiyo kwa nyumba za wanajeshi wake, na bili yake inafaa kusomwa polepole. Mwaka 1996 wizara ya ulinzi ya nchi hiyo iliuza zaidi ya nyumba 57,000 za familia za wanajeshi kwa kampuni ya Annington kwa pauni bilioni 1.66, kisha ikazipanga tena kutoka kwa mnunuzi huyohuyo. Matengenezo yakabaki juu ya serikali. Januari 2025 serikali ilizinunua tena nyumba zaidi ya 36,000 kati ya hizo, kwa karibu pauni bilioni 6. Kuuza kwa bei ya haraka na kupanga kwa muda mrefu kulimfaa aliyenunua.

Kupanga, basi, si lazima kuwe rahisi. Kunategemea mkataba, na kunategemea nani anabeba hatari. Kwa Nduguti mwenye kubeba hatari ni mkulima, kwa hiyo tuangalie upande wake.

Mkulima wa Mkalama anapata fedha kwa mafungu. Alizeti huvunwa mara moja kwa mwaka. Mwaka 2021 serikali iliiweka Singida, pamoja na Dodoma na Simiyu, katika mikoa ya kimkakati ya zao hilo, lakini mkakati haukuondoa kupanda na kushuka kwa bei. Vitunguu vinalipa zaidi, ila ni zao la kamari. Wote wakivuna kwa pamoja, bei inayofika kutoka soko la Misuna, Singida mjini, inamkuta mkulima wa Nduguti na mzigo unaotaka kuoza, na mnunuzi anayedai lumbesa ingawa sheria ya vipimo inakataza. Mwaka mmoja mtu anaezeka nyumba. Mwaka unaofuata anakopa mbegu.

Ndiyo maana mkulima aliyebahatika msimu mzuri hutafuta mahali pa kuificha fedha. Zamani alinunua ng'ombe. Tangu mji upate hadhi ya makao makuu, anazo sababu za kununua saruji. Anafyatua tofali, anachoma, anasubiri msimu mwingine, anapandisha ukuta hadi lenta, anasubiri tena bati. Nyumba za kupangisha za miji midogo hujengwa hivyo, ukuta kwa ukuta, bila mkopo wa benki. Benki zinataka hati, na hati inataka kiwanja kilichopimwa. Tangu mwaka 2008 nchi ina sheria mahsusi ya mikopo ya nyumba, lakini mwenye eneo lisilopimwa anaisikia redioni tu.

Tumpe mkulima wa mfano jengo la safu moja lenye sehemu nne za chumba na sebule, lililomgharimu Sh16 milioni. Kwa pango lilelile la Sh40,000, mwaka mzima unaleta Sh1,920,000. Vyumba vikikaa tupu miezi miwili kwa sababu wapangaji wamehamishwa, inabaki Sh1,600,000. Ondoa Sh200,000 za matengenezo, zinabaki Sh1,400,000, na mtaji wake unarudi baada ya zaidi ya miaka 11. Kama angekuwa na mkataba wa miaka kadhaa usio na miezi mitupu, mtaji ungerudi kwa miaka tisa na ushei. Tofauti hiyo ya miaka miwili ndiyo bei ya wasiwasi.

Wasiwasi wenyewe una msingi. Askari ni mpangaji mzuri kwa sababu mshahara wake una uhakika, na ni mpangaji mbaya kwa sababu barua ya uhamisho haitoi taarifa ya miezi mitatu. Halafu kuna hofu kubwa zaidi ambayo haiandikwi popote: serikali ikijenga kota 20 kwa mkupuo katika mji mdogo, waliojenga vyumba kwa ajili ya watumishi watajikuta na vyumba vya kuwekea alizeti. Si kosa la serikali kujenga. Kosa ni kujenga bila kutangaza mapema idadi na mwaka. Mwenye tofali zake uani anahitaji taarifa hiyo kuliko anavyohitaji hotuba ya kuhamasisha uwekezaji.

Kuna upande mwingine ambao mchumi hana budi kuukubali hata kama hauingii kwenye jedwali. Mwenye nyumba akiingiza ng'ombe kwenye shamba la vitunguu la jirani, na mlalamikaji akienda kituoni kumkuta askari anayelala katika nyumba ya mlalamikiwa, kesi imeharibika kabla haijaandikwa. Hata askari akitenda haki, jirani hataamini. Vilevile askari aliyechelewesha pango la miezi mitatu ni askari aliyeshikwa shati. Katika jiji kubwa mwenye nyumba na mpangaji wanaweza wasijuane. Nduguti wanakutana kisimani, sokoni na msibani.

Kenya imepita njia hiyo. Kamati ya Jaji Philip Ransley iliyochunguza jeshi la polisi mwaka 2009 ilikuta hali mbaya ya makazi, huku familia zikigawana nyumba moja kwa pazia. Septemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba askari wangelipwa posho ya nyumba na kuishi miongoni mwa raia badala ya kusongamana vituoni. Posho ilipangwa kwa kufuata cheo na eneo. Malalamiko yalifuata, hasa mijini, kwamba kiwango hakifikii pango la nyumba yenye usalama, na askari wa cheo cha chini hujikuta akipanga mtaa uleule anaofanyia doria usiku. Wazo lilikuwa zuri, ila kiwango ndicho kilichoyumba.

Marekani walijaribu kulitatua tatizo hilo kwa kuifunga posho na bei ya soko. Mwanajeshi anayeishi nje ya kambi hulipwa posho ya nyumba inayotegemea cheo chake, kama ana familia au hana, na bei za pango za eneo alilopangiwa, ambazo hupitiwa kila mwaka. Mwanajeshi wa mji ghali hupata zaidi ya mwenzake wa cheo kilekile aliyeko mji wa bei nafuu. Nyumba za familia zilizo kambini nazo, kuanzia sheria ya mwaka 1996, zilikabidhiwa kwa kampuni binafsi, na miaka ya 2018 na 2019 zilileta kashfa ya ukungu ukutani na matengenezo ya kuficha makosa. Mwananchi wa Mkalama hana haja na mfumo mzima huo. Kinachomfaa ni kanuni moja: posho ifuate pango la mahali, na pango la mahali lipimwe na mtu aliyefika.

Linabaki suala ambalo askari wenyewe hulizungumza zaidi wanapokaribia mwisho wa utumishi, nalo ni kwao. Kota ni nafuu inayolewesha. Mtu anaishi ndani ya uzio miaka 30, halipi pango, watoto wanakua, kisha siku ya kustaafu inafika naye anatakiwa kukabidhi ufunguo. Wanajeshi wa vyeo vya chini hustaafu mapema kuliko watumishi wengine, wakiwa bado na watoto shuleni. Pango la Sh40,000 kwa miaka 30, hata bila kupanda, ni Sh14,400,000, kiasi kinachokaribia gharama ya lile jengo la sehemu nne. Aliyeishi kota na kuiweka fedha hiyo angekuwa na nyumba. Aliyeishi kota na kuila hana tofauti na mpangaji, isipokuwa mpangaji alizoea mapema kwamba nyumba si yake.

Kutegemea mkupuo wa kustaafu kujenga ni hatari zaidi kuliko zamani. Kwa polisi na watumishi wengine waliokuwa katika mifuko iliyolipa nusu ya mafao kwa mkupuo, kanuni zilizoanza Julai 2022 ziliushusha hadi asilimia 33, kabla serikali haijaupandisha kuwa asilimia 40 mwaka 2024. Pensheni ya kila mwezi ni kubwa zaidi kwa mpango huo, lakini fundi hataki pensheni ya kila mwezi. Anataka nondo leo.

Njia iliyobaki ni kujenga ukiwa kazini, na vyombo vipo. Polisi wana URA SACCOS na wanajeshi wana Ngome SACCOS, na ushirika wa namna hii hufaa kuliko mkopo wa haraka wa mtaani kwa sababu makato yanapitia kwenye mshahara. Mipaka ipo pia: makato ya mtumishi wa umma hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Askari aliyekwisha kopa kwa ajili ya pikipiki na ada atakuta nafasi ya nyumba imekwisha. Ukweli usiopendeza ni kwamba mkopo wa kwanza wa askari kijana ungepaswa kuwa wa kiwanja kilichopimwa, mahali popote anapotarajia kuzeekea, kabla ya kitu chochote chenye magurudumu.

Je, Nduguti ifanye nini? Jibu la busara haliko upande mmoja. Kota zijengwe, lakini chache: za mkuu wa polisi, wasaidizi wake wa karibu na kikosi cha zamu, kando ya kituo, kwa idadi inayoweza kutunzwa. Wengine wapange. Halmashauri, ambayo inao maofisa ardhi, itenge viwanja vilivyopimwa karibu na kituo na kuvigawa kwa sharti la kujenga nyumba za kupangisha zenye ukuta, choo cha ndani na maji. Hapo askari watakuwa jirani bila serikali kununua tofali hata moja.

Na mkataba usifanywe kati ya askari na mwenye nyumba. Upande wa mpangaji uwe taasisi, iwe jeshi la polisi au ofisi ya wilaya, kwa miaka mitatu mitatu, askari wakipishana ndani. Uhamisho ukija, anayekuja anarithi chumba na mwenye nyumba hapotezi mwezi. Askari naye anakuwa hadaiwi na mtu anayeweza kesho kuwa mtuhumiwa wake. Kwa mwanajeshi aliye peke yake, mshauri wa mgambo, nyumba moja ya mkataba wa namna hiyo inatosha, na ingefaa isibadilike kila afisa anapobadilika ili wanamgambo wa vijiji wajue pa kumpata.

Kipengele kimoja zaidi kisisahauliwe na watakaoandika mikataba hiyo. Askari anapenda kulipa kwa mwezi kwa sababu mshahara unakuja kwa mwezi. Mkulima anapenda miezi sita kwa pamoja, na hataki miezi sita yoyote ile. Mvua za Singida huanza kati ya Novemba na Desemba, na hapo ndipo anapotafuta fedha ya trekta, mbegu ya alizeti na vibarua, wakati ghala lake liko tupu na mnunuzi wa mazao yuko tayari kumkopesha kwa kuikamata mapema mavuno ya mwaka unaokuja. Taasisi inayolipa pango kwa awamu mbili, moja ikiwa mwanzoni mwa Novemba, haiongezi hata shilingi kwenye bajeti yake. Kwa jengo la sehemu nne, awamu hiyo ni Sh960,000 zilizofika kabla ya mvua ya kwanza.